Tangi la Nne

Wanaiita kubwa. Inaenea kiganjani.
Mimi niliyefungua vifua vya kombaini
mashamba yote kutoka Njoro hadi Mau Narok,
niliyelala chini ya chuma kizito kuliko nyumba yangu,
leo nimevaa miwani kutafuta skrubu
isiyofika punje ya ngano.

Towett amedunduliza misimu miwili
akipima dawa ya kupe kwenye duka la mifugo.
Alifungua boksi kama anayemvua mtoto mchanga kofia.
Anataka Jumapili ndege iruke.
Nimemwambia: kwanza injini ijue kuzunguka.

Tumeifunga kwenye gogo la mkalitusi, boliti nne.
Shamba limekwisha kuvunwa, mabua yanachoma vifundo.
Kitabu kinasema sindano ifunguliwe mizunguko mitatu.
Kitabu kiliandikwa na mtu aishiye karibu na bahari,
hewa mapafu tele. Huku juu hewa ni ya kupimiwa,
hata sufuria ya maharagwe inalijua hilo.

Nikaliziba koo lake kwa kidole,
nikavuta rafadha mara mbili, mafuta yakapanda mpirani.
Plagi ikapata betri. Nikapiga kwa kijiti,
si kwa mkono: kidole changu cha shahada kina kovu,
somo lile nimeshalilipia ada.

Ikakohoa.
Ikakohoa tena.
Ikashika.

Tangi la kwanza, iache inywe hadi iteme.
Bu-bu-bu, kama uji mzito chini ya mfuniko,
moshi mweupe, mafuta ya mbarika yakinirukia shati.
Mkono wa Towett umeshafika kwenye sindano.
"Kaza kidogo tu, Fundi, isikike."
Nikauondoa kama unavyoondoa wa mtoto jikoni.

Izime. Ipoe. Ipoe kweli,
iwe baridi kama kitasa cha mlango alfajiri.
Mle ndani ringi na silinda hawajajuana,
kila mmoja ana meno yake madogo;
wanasagana, wanaachana, wanarudiana.
Mafuta ndiyo mshenga.

Nilitaka kumsimulia kombaini ya akina Jerotich:
pistoni mpya, ngano imekauka, wingu limesimama juu ya Mau
na ukoo mzima unaniangalia mikono.
Nikasema itakwenda. Ikaenda, ekari sita.
Halafu ule ukimya.
Fundi akiusikia mara moja
hausahau hata akiwa harusini.
Mvua ilinyesha siku tisa. Ngano ikaota ingali kwenye masuke.
Sikumsimulia. Nilisema tu, lete chupa ya mafuta.

La pili. La tatu.
Naikaza sindano upana wa ukucha, nategea sikio,
nauminya mpira kwa nukta moja:
sauti inapanda, basi bado ina shibe.
Nyamaza, Towett. Inasema.

Tangi la nne, saa kumi, upepo umegeuka.
Nikakaza hadi zile bu-bu-bu zikasokotana
zikawa uzi mmoja, mwembamba, mrefu,
mbwa wa ng'ambo ya barabara wakanyamaza,
mabua nyuma ya rafadha yakalala kifudifudi.
Nikahesabu kumi. Towett hakupumua.
Mimi pia nadhani sikupumua.
Nikairudisha kwenye ulevi wake kabla haijajivuna.

Sasa imepoa. Anaizungusha kwa mkono, polepole:
inafika juu, inakaza, inapita,
inafika juu, inakaza
lakini si kama ilivyokaza asubuhi.
Amelisikia hilo vidoleni. Naona usoni.

"Jumapili?" anauliza.

Najipangusa mbarika kwa kitambaa
ambacho chenyewe kimelowa mbarika.

"Jumapili ipi?"