Mgeni wa Taji

Umeme umerudi saa nne, Makerere,
pampu imeanza kukoroma kwenye kona.
Nasubiri. Ombwe halina haraka,
linawatoa majirani mlangoni mmoja mmoja.

Nina taji ndani ya kichupa:
kaboni kumi na mbili, oksijeni sita,
pete isiyo na kichwa.
Nina peptidi fupi; kwenye tawi la laisini
imebeba chaji moja, kama yai kiganjani.
Ndani ya maji hawajuani hawa wawili.
Maji ni matanga: kila mkono unakushika,
kila mdomo unakupa pole,
humtambui aliye wako.

Sindano inapuliza ukungu.
Tone linasinyaa, linapasuka, linasinyaa tena
hadi maji yote yameaga
na wawili wamebaki hewani, uchi,
haidrojeni tatu zimeegemea oksijeni tatu,
nyingine tatu zinatazama.
Kwenye skrini: uzito wa peptidi,
jumlisha mia mbili sitini na nne.

Ngoja. Kuna kilele kingine, kirefu zaidi.
Mia tatu na tatu.
Potasiamu imekalia kiti.
Nalugwa ananicheka: "Umekuja na Katwe yako."
Si Katwe ya magereji, hii ya mjini.
Katwe ya ziwa, ya chumvi.
Juzi tulimzika baba kule,
nikarudi na furushi la chumvi yake
begini, ubavuni mwa vichupa.

Naosha vyombo upya. Mara tatu. Narudia.

Nikiigonga kwa agoni, polepole,
pigo juu ya pigo, joto likipanda,
taji huachia. Huondoka bila kelele,
na peptidi hubaki nzima.
Lakini elektroni moja ikiingia ghafla
uti wa peptidi hukatika
kabla taji halijapata habari,
na kipande huruka
kikiwa bado kimevikwa.

Baba hakuugua.
Ukingo wa kidimbwi ulibomoka asubuhi
akiwa na chepe mkononi.

"Niandike nini?" anauliza Nalugwa,
kalamu juu ya daftari.
Namsomea namba, desimali nne,
namwambia aweke alama kwenye kipande cha sita.
Simwambii kuhusu simu ya dada yangu jana usiku,
kwamba kila jua likitoka
mama anavianika viatu vya baba vya mpira,
vimeelekezwa ziwani,
na mvua ikianza anakimbia kuviingiza ndani.