Kikonyo

Miezi saba, Mize, nakuhesabia pumzi
kama mpima pishi za karafuu.
Pampu ya buluu, asubuhi na usiku;
kifua kikazidi kupiga mluzi, upande wa kulia tu.
"Pumu," walisema Wete. "Pumu," Chake nao.
Bibi yako akakufukiza, ukazidi kukohoa.

Unguja, daktari mwenye kigugumizi akauliza:
"A-alipaliwa lini?"

Nikakumbuka jamvi, siku za uchumaji,
unacheka, mdomo umejaa;
nikakupiga mgongo,
ukanyamaza, nikashukuru.

Akakitoa, akakiweka kwenye kisahani cha bati:
kikonyo cheusi, kidogo kuliko ukucha wako.
Nikakinusa. Hakinukii kitu.

Usiku huu nakutegea sikio.
Kifua kimya.
Nashindwa kulala.