Hakiazimwi

Mkoba niliuacha kwa askari wa mlangoni,
nikapewa kibati cha shaba: kumi na nne.
Kalamu ya wino, hapana. Penseli tu.
Nikanawa mikono, nikaifuta kwa leso,
nikapanda ngazi nikinuka sabuni ya kipande.

Fomu iliuliza: *Ukoo unaotafutwa?*
Nikaandika Feruzi, nikasita,
maana Feruzi ni jina tuliloliokota njiani.
*Sababu ya utafiti?*
Hapo shangazi Keturah angejibu kwa niaba yangu:
kila matanga wenzetu huhesabu vizazi saba,
sisi tukifika wa nne tunaitisha chai.
Niliacha wazi.

Bi Swafiya alikileta kwa mikono miwili
kama sinia ya mtu mgonjwa.
"Hiki hakiazimwi. Wala hakipigwi picha.
Utakisoma papa hapa, mbele ya mato yangu."
Ndani ya jalada, karafuu zimefungwa kitambaani;
hubadilisha yeye kila mwezi
tangu mashine ya kukausha hewa ife,
na barua ya kuomba nyingine
iko Nairobi, mwaka wa pili sasa.

Aliyekijaza alikuwa na mwandiko mzuri.
Hilo ndilo lililoniuma kwanza.

Bafta, jora sita.
Sabuni, masanduku mawili.
Mbuzi watatu, mmoja mgonjwa.
Wasichana kumi na tisa, wameshuka melini.

Kisha mmoja mmoja, kila mtu na mstari wake:

*212. Yapata miaka saba. Kovu bega la kushoto.
Kabila: Mnyasa. Jina: halijulikani.*
Na chini, kwa wino mwingine, Jumapili ya pili:
*Keziah.*

Halijulikani kwa nani?
Mtoto wa miaka saba analijua jina lake.
Ameitwa kwalo akiwa juu ya mti asikotakiwa,
ameitwa kwalo chakula kikipoa.
Nyumbani tuna picha yake moja,
mzee, gauni la kola hadi kidevuni.
Mabega hayaonekani.

Nilitaka kufunga kitabu.
Kunguru alikuwa akigonga kioo cha dirisha,
anagonga, anajitazama, anagonga.
Nikainamisha kichwa kumkwepa
ndipo nikaona pambizoni, penseli iliyofifia,
herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani,
kila moja imesimama peke yake:

*Si Mnyasa. Myao.
Mamake Che Nambewe.
Tulifungwa mnyororo mmoja.*

Hakutia sahihi.
Na jina la mtoto, naye pia hakuliandika.
Labda alikuwa amelisahau.
Labda alikitazama kitabu kile,
bafta, sabuni, mbuzi mgonjwa,
akaona si mahali pa kuliweka.

Nikainua macho. Ukutani, juu ya kichwa cha Bi Swafiya:
NI MARUFUKU KUANDIKA VITABUNI.
Yeye anachonga penseli, hanitazami.
"Kurasa za hivyo zipo kumi na moja," akasema.
"Wakija wakaguzi, kitabu huwa kwa fundi wa majalada."
Akakichukua kifutio kilichokuwa mezani,
akakitia mtobwe wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Nilinakili polepole. Ncha ilivunjika mara mbili,
mara mbili akanipa nyingine.
Saa kumi kamili akanyoosha mikono,
nami nikampa kitabu kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto,
kichwa kwanza.

Mlangoni nilirudisha kumi na nne.
Askari akaitundika msumarini, ikabembea.
Mia mbili na kumi na mbili
sikujua pa kuirudisha.

Nikavuka daraja la Nyali kwa miguu,
jasho mgongoni, magari yakinipigia honi,
nikihesabu kwa sauti bila haya:
mimi, wa Ezra,
Ezra wa Jemima,
Jemima wa Keziah,
Keziah wa Che Nambewe.

Kufika Kengeleni, watano.
Kwa shangazi sufuria ya chai ilikuwa tayari jikoni.
Nikamwambia, ngoja kwanza.