Hesabu ya Februari

Alfajiri, Kimara, kioo kiliniahidi kilomita mia na themanini.
Nikacheka.
Kioo kile kilizaliwa Julai, kwenye kipupwe,
hakijui Februari ya Dar,
lami inaponuka kama ubani uliosahauliwa chetezoni.

Abiria wa kwanza: "Washa kiyoyozi, kaka."
Nikawasha.
Hatujafika Ubungo, kumi na mbili zimeyeyuka,
na foleni haijasogea hata hatua.

Ndivyo nilivyojifunza kuhesabu upya:
jua lina nauli yake,
nayo hailipwi na abiria.

Saa nane mchana, Buguruni, akapanda Bi Zamoyoni
na mjukuu wa siku tatu,
leso imelowa, mtoto kakunja uso kama anayedaiwa.
"Chanika, mwanangu. Taratibu."
Kioo: thelathini na nane.
Madirisha wazi, nafika na labda narudi.
Madirisha yamefungwa, nafika tu.

Nikafunga madirisha.
Nikazima redio, ingawa redio haili kitu;
ilikuwa heshima.
Nyuma yangu mtoto akakunjua uso,
kidogo kidogo, kama karatasi iliyofinyangwa.

Chanika: tatu.
Bibi akashuka, hakuuliza kioo kinasema nini.

Pazi muuza duka akaniazima soketi,
akautazama waya wangu ulivyopita juu ya magunia ya unga.
"Unachemsha nini?"
"Njia ya kurudi."
Akanivutia kreti ya soda nikae.

Giza likaingia na kaupepo.
Kioo, bila haya,
kikaanza tena kuahidi.