Masanduku Matatu, Katuba

Umeme ulikatika Alhamisi, mwezi wa kumi,
mwezi ambao Lubumbashi huokwa bila mafuta,
na mimi nina safari ya Kasenga Jumatatu:
kilo arobaini za makobo, usiku mzima barabarani,
na samaki hasemi njiani kwamba ameanza kuoza.
Humngoja mteja afike, ndipo aseme.

Alfajiri ya Ijumaa nikayapanga barazani.
La kwanza, la buluu, nililinunua Kasumbalesa;
kibandiko chake kinaapa: barafu siku tano.
Muuzaji naye aliapa, kwa mamaye na kwa mama wa jirani.
La pili, frigoliti nyeupe ya kubebea chanjo,
kona imeng'atwa na panya; nesi Musonda kanipa bure.
La tatu si sanduku. Ni frigo la marehemu Kyungu,
lililokufa mwaka aliokufa yeye.
Nimelilaza chali, mlango unatazama mbingu,
mota ilishang'olewa, ikauzwa kwa kilo.

Barafu nimeinunua kwa mwenye jenereta,
kilo nne kila moja, kwa mizani yangu ya sokoni
(nimeirekebisha kwanza; Mungu ananijua).

Musonda akaniazima kipimo cha homa.
Hakikufaa. Kinaanza kuhesabu thelathini na tano;
kinajua mtu anavyoungua,
baridi hakijasomeshwa.
Basi nikapima kwa glasi:
kila baada ya saa tatu namimina maji yaliyoyeyuka,
naandika ukutani kwa kipande cha makala.

Saa sita mchana. Buluu, glasi tatu.
Frigoliti, moja na nusu.
Frigo la Kyungu, mate tu.

Saa tisa jua likapanda baraza.
Nikayasogeza yote matatu, hata lile zito,
nisije nikaambiwa napendelea.
Lakini saa kumi na mbili jioni
frigoliti ikatoa glasi tano!
Nikaita kikao. Watoto wanatazama vidole vya miguu.
Kabuya, wa shemeji yangu, midomo imelowa:
"Tulifungua kidogo tu, mama,
tuone kama barafu ingali hai."
Mara ngapi?
"Mara kidogo, nyingi."

Sikumpiga. Niliandika na hilo ukutani:
*kufungua kwa kuangalia, glasi tatu.*
Nikakaa nalitazama.
Kule hospitali nilikuwa nikifunua shuka la Kyungu
usiku kucha, nione kama anapumua,
naye, bila kufumbua macho:
"Chola. Unaniingizia upepo."

Jumamosi asubuhi, buluu lilikuwa supu.
Siku tano zile, nadhani, ni za nchi yenye theluji.
Frigoliti, pamoja na kuibiwa kwake,
ilibaki na kipande kama mche wa sabuni.
Na frigo? Jumapili, tumetoka misa,
bado ngumi nzima ya barafu imekaa chini,
maana baridi ni nzito, hutua kama maji kisimani,
na mlango wa juu hauimwagi.

Mukalayi akapiga makofi: mshindi kapatikana.
Mshindi abebwe na nani, shemeji?
Wanaume wanne ndio waliolitoa chumbani,
na konda wa lori la Kasenga
hutoza hata kofia.

Kwa hiyo leo naondoka na frigoliti.
Kona ya panya nimeiziba kwa nta na kitambaa,
nimeivika blanketi lile la mistari,
kamba mizunguko sita, na fundo alifunge Mukalayi,
mimi mwenyewe nisijue pa kuanzia kulifungua.
Buluu nitawauzia watu wa harusi.
Kwa bia za saa nne linatosha,
na nitawaambia: saa nne.

Ile ngumi niliitoa jana usiku.
Watoto wamelala, mtaa mzima giza,
nikakaa kwenye ukingo wa frigo nikaitafuna peke yangu,
kwa kelele za mtu anayetembea juu ya kokoto,
meno yakaniuma mpaka sikioni.
Hilo sikuliandika.