Nodi ya Kumi na Saba

Thorgils, nimefungua kifurushi chako usiku huu
na kiigizi kimenikaripia mara mia nne na kumi na mbili
kwa herufi nyekundu, bila kuvuta pumzi.
Wewe uliandikia toleo la tatu,
mimi ninalo la arobaini na mbili.
Kati ya hayo mawili, miaka kumi na mitano
ya watu wasiojuana wakibadilisha majina ya vitu.

Ya kale dhahabu, husema
wasiolazimika kuyajenga upya.
Haya yako kutu.
Unaita kazi iliyokwisha futwa,
unaomba faili lililohama folda bila kuaga,
unaandika sifuri mahali ambapo siku hizi
utupu una jina lake rasmi.
Na hiki kipya ni shangazi mkali:
kwake onyo na kosa ni mamoja.

Nje, barabara ya Akureyri imeganda,
gari la changarawe linapita likikohoa.
Msimamizi wangu, Álfheiður, alishasema,
"Andika upya tu, wiki moja inatosha."
Sikumsikia. Au nilimsikia nikafanya kiburi.

Nikashika mstari wa tisa, nikataja makazi mapya ya faili,
na makosa mia tatu yakaondoka pamoja
kama wageni waliokuwa wakimngoja mmoja asimame.
Yakabaki tisini.
Kumi na moja.
Moja, lililonila Jumamosi nzima:
nukta-mkato.

Kisha kondoo wako wakatembea.
Sitini, vitone vya kijani kwenye mlima wa namba,
kila mmoja na kola shingoni akimwambia jirani: nipo,
na jirani akimpa jirani, nipo, nipo,
shingo kwa shingo hadi antena ya juu ya kibanda.
Nikapiga meza. Kikombe kikamwagika.

Lakini jedwali lako lasema sauti hamsini na tisa.
Langu, sitini.

Nikarudi nyuma kutafuta nilichovunja.
Sikuvunja; nilifagia.
Kulikuwa na sharti, peke yake, halina maana:
ikiwa nodi ni ya kumi na saba
na saa sita ya usiku imepita, isitume kitu.
Pembeni umeacha neno moja la maelezo.
Hukuandika "uache", kama mstari unavyoambiwa.
Uliandika "mwache".

Nikapata namba yako Húsavík, unakotengeneza viti.
Ulipokea mashine ikinguruma.
Kifurushi? Hukukikumbuka.
Toleo la tatu? Ukacheka.
Nikakusomea ule mstari.
Mashine ikazimwa.

"Golta," ukasema.
Septemba ile theluji iliwahi kabla ya wachungaji.
Kola yake ilisema nipo, nipo, mpaka saa sita,
nanyi juu yake na fimbo ndefu mkichoma weupe,
hapa, hapana, hapa, hapana.
Mlimpata Juni.
"Hesabu lazima ikubaliane na mlima," ukasema,
kisha ukauliza kama kahawa ya chuoni
bado ni mbaya vile.
Nikasema bado.

Nimeurudisha mstari, Thorgils.
Nimeuandika kwa sarufi ya leo,
na ile kumi na saba, namba iliyokuwa uchi,
nimeiwekea jina juu yake, mahali pa majina.
Nikabonyeza kujenga. Nikangoja
huku feni ikipanda mlima wake.

Makosa: sifuri.
Onyo: moja.
"golta" ametajwa, wala hajatumika popote.

Kwa shangazi, hilo latosha kunifungia mlango.
Ningeweza kulifuta jina, kazi ingekwisha.
Nikafungua mipangilio, nikatafuta ukali wake,
nikamwambia: haya mengine yote nitakutii.
Hili moja, lipite.

Likapita.
Hamsini na tisa.