Minya, Achia

Mashine iliharibika Jumanne.
Fundi yuko Kampala, vipuri sijui wapi,
basi daktari akanipa mfuko wa mpira,
akanipanga vidole: minya, hesabu mbili, achia.
Tangu hapo pumzi ya Dramadri
hutoka katika kiganja changu cha kulia.

Tunapokezana. Saa mbili mimi, saa mbili Onzima,
saa mbili shemeji Candiru, anayelia huku akiminya,
na kifua cha mgonjwa kinafuata kilio chake,
haraka, haraka, kisha kinasita.
Usiku ni wangu. Sina mtoto wa kunyonyesha.

Daktari Ayikoru hakuficha.
Alimmulika machoni kwa tochi ya simu, kushoto, kulia.
Akasema, "Mboni hazijibu."
Akasema ubongo ulikosa hewa muda mrefu mno
pale barabara ya Vurra, kabla pikapu ya mihogo
haijakubali kumbeba.
Akasema, "Siwaamuru. Mkitaka kuacha, niiteni. Nitakaa nanyi."
Kisha akaenda kunawa, na bomba likatoa matone.

Kuacha.
Nimeshaacha mengi: niliacha shule,
niliacha sufuria motoni maharage yakaungua.
Nilidhani kuacha ni kutofanya kitu.
Sasa niambieni, nyinyi mliosoma:
mkono ukitulia juu ya shuka,
haukupiga, haukunyima uji, haukutia sumu,
umetulia tu kama mkono wa mtu aliyechoka,
je, umeua?
Na ukiendelea kuminya, unamwokoa nani?

Onzima anasema aliyetoa roho ndiye ataichukua,
sisi tusijitie ukarani wa mbinguni.
Namjibu kimoyomoyo: lakini Onzima,
aliyetoa roho hakutoa mpira huu.
Umeandikwa kwa wino, mali ya wodi,
na kitanda cha nne kuna msichana kutoka kambini
anayevuta pumzi tangu adhuhuri kama anayepanda mlima.
Mama yake hanitazami mimi.
Anautazama mfuko.
Hajasema neno. Wala mimi.

Jina la ndugu yangu lina kifo mwanzoni, dra,
kama majina mengi ya kwetu.
Mama alilichagua baada ya kuzika wawili,
ili kifo kikija kijikute kimeshatajwa,
kione haya, kipite.
Kimeona haya miaka ishirini na sita.

Saa tisa usiku nilijaribu.
Sikumwita daktari. Nilitaka kujua tu.
Moja, mbili,
tatu, nne, jenereta inakoroma nje,
tano, sita,
saba.
Kifua kilikaa chini kama uwanja uliofagiliwa.
Nikaminya. Nikaminya mara tatu mfululizo
kama mwizi anayerudisha alichoiba kabla hajaonekana.
Sijui kama ule ulikuwa upendo au woga.
Mkononi vina uzito mmoja.

Alfajiri mama aliingia na chupa ya chai.
Akanitazama, akajua, hakuuliza.
Akamwambia muuguzi, "Kamwite yule binti Ayikoru."
Akaupokea mfuko, akaminya mwenyewe,
taratibu, bila kuhesabu,
kama anayejua kipimo tangu zamani.
Ayikoru alikuja, akavuta kiti, akakaa.
Onzima alisimama mlangoni, mgongo kwetu.
Mama alisema jina lake lote, mara moja,
akauweka mfuko kitandani kati yetu.

Kisha akaanza kuninyoosha vidole, kimoja kimoja,
vilivyokuwa vimekaukia katika umbo la kuminya.

Mfuko ulikuwa bado umejaa hewa.
Mama wa kitanda cha nne
aligeuza uso wake ukutani.